Udongo wa Kilwa na Joto la Bahari ya Kale

Kwa miaka mingi elimu ya tabianchi ya kale ilibeba fumbo ambalo halikukubali kufumbuliwa. Enzi ya Eosini, iliyoanza takriban miaka milioni 56 iliyopita na kumalizika miaka milioni 33.9 iliyopita, ilikuwa enzi ya joto, na dalili zake zimezagaa hadi mahali ambapo leo hakuna anayetarajia kuziona: katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, miamba ya wakati huo imehifadhi mifupa ya kobe na ya wanyama wa jamii ya mamba, na katika udongo ulio chini ya jiji la London yamo matunda ya nipa, mtende wa matopeni ambao siku hizi huota pamoja na mikoko ya Asia ya kusini-mashariki. Ikiwa nchi za karibu na ncha ya dunia zilikuwa na joto la namna hiyo, ilitarajiwa kwamba bahari za tropiki nazo zingekuwa na joto kama la leo au zaidi. Vipimo vya maabara, hata hivyo, vilikuwa vikisema kinyume, kwamba maji ya juu ya bahari hizo yalikuwa na nyuzijoto 15 hadi 23 tu za Selsiasi, ilhali maji ya pwani ya Tanzania siku hizi huwa kati ya nyuzi 25 na 30, kiasi kwamba mpiga mbizi wa Mafia angezama katika bahari hiyo ya Eosini na kutoka akitetemeka. Kama vipimo hivyo vilikuwa sahihi, basi programu za kompyuta zinazokadiria tabianchi, ambazo huipasha joto tropiki kila hewa ya ukaa inapoongezeka, zilikuwa na kasoro kubwa, na makadirio yake ya siku zijazo yalistahili kutiliwa shaka.

Shahidi aliyetoa vipimo hivyo alikuwa mdogo kama punje ya mchanga. Foraminifera ni viumbe vya seli moja, si mimea wala si wanyama, ambavyo hujijengea ganda lenye vyumba, vikianza na chumba kimoja kidogo na kuongeza kingine kikubwa zaidi kila vinapokua, na kupitia matundu ya ganda hilo hutoa nyuzi nyembamba za uteute wa seli ambazo hunasia chakula. Ganda la wengi wao limejengwa kwa kalsiamu kabonati, madini yale yale yanayojenga matumbawe na yanayochomwa kupata chokaa, na kwa kawaida upana wake haufiki milimita moja. Wapo waliovunja kanuni hiyo, hasa numuliti wa enzi ya Eosini waliofikia ukubwa wa sarafu, ambao maganda yao yamejaa katika mawe ya piramidi za Giza. Mwanajiografia wa Kigiriki Strabo, aliyezuru huko miaka elfu mbili iliyopita, aliandika masimulizi aliyoyasikia kwamba vipande hivyo vya mviringo vilikuwa dengu za wajenzi zilizobaki na kugeuka mawe.

Foraminifera wamegawanyika katika makundi mawili yenye tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wawe na manufaa maradufu. Spishi zipatazo 50 za leo huelea katika tabaka za juu za maji, zikiwa sehemu ya planktoni, yaani viumbe vinavyochukuliwa na mikondo, ilhali maelfu ya spishi nyingine huishi sakafuni, kuanzia madimbwi ya mikokoni hadi vilindi visivyofikiwa na mwanga. Anayeelea akifa, ganda lake huzama na kulala kando ya ganda la yule aliyeishi chini, hivyo kijiko kimoja cha tope la bahari huweka pamoja habari za maji ya juu na za maji ya kilindini. Jambo hilo halikujulikana tangu mwanzo. Ni katika safari ya meli ya Uingereza Challenger, kati ya mwaka 1872 na 1876, ambapo John Murray, kwa kulinganisha viumbe vilivyonaswa na nyavu karibu na uso wa maji na matope yaliyovutwa kutoka chini, alionyesha kwamba matope meupe yanayofunika maeneo mapana ya sakafu ya bahari yametokana na maganda ya viumbe waliokuwa wakielea juu.

Njia ya kulifanya ganda litaje joto ilitokana na kemia. Oksijeni ina isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, na katika kila atomu 500 hivi za oksijeni moja ni ile nzito yenye uzito wa 18 badala ya 16. Harold Urey, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitambua katika miaka ya 1940 kwamba kabonati inayojengeka katika maji baridi huchukua sehemu kubwa kidogo zaidi ya oksijeni nzito kuliko inayojengeka katika maji ya moto, na tofauti hiyo, ingawa ni ndogo mno, hupimika: joto likishuka kwa nyuzi nne au tano, oksijeni nzito huongezeka kwa takriban sehemu moja katika elfu. Cesare Emiliani, aliyefanya kazi katika maabara ya Urey, alitumia njia hii kwa foraminifera wa matope ya bahari kuu, na mwaka 1955 alichapisha mfululizo wa vipindi vya baridi na joto ambao ulivuruga hesabu ya vipindi vinne vya barafu iliyokuwa ikifundishwa kila mahali.

Emiliani, hata hivyo, aliipa joto sehemu kubwa mno ya mabadiliko aliyoyaona. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukiza kwa urahisi zaidi, na mvuke huo ukianguka kama theluji juu ya nchi kavu na kubaki huko ukiwa barafu, bahari hubaki na oksijeni nzito kwa wingi zaidi hata kama joto lake halikubadilika. Nicholas Shackleton wa Cambridge alitoa hoja mwaka 1967 kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilionyesha wingi wa barafu duniani, na ushahidi aliouegemea ni kwamba foraminifera wa sakafuni, wanaoishi katika maji ambayo tayari yanakaribia kuganda na hayana nafasi ya kupoa zaidi, walionyesha mabadiliko karibu sawa na ya wale wa juu. Kwa njia hiyo kipimo kilichokusudiwa kuwa cha joto kikawa pia kipimo cha barafu na cha kina cha bahari, ambayo miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya ilipo leo kwa takriban mita 120, wakati ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Unguja.

Kwa enzi ya Eosini tatizo la barafu lilikuwa dogo, kwa kuwa barafu yenyewe ilikuwa haba, na kwa sababu hiyo watafiti wengi waliviamini vipimo vya bahari baridi za tropiki. Kasoro ilikuwa katika kaburi la shahidi. Ganda lililojengwa katika maji ya moto ya juu huzama hadi kwenye matope yenye maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na huko, katika mamilioni ya miaka, madini yake huyeyuka kidogo kidogo na kuganda upya, kila fuwele mpya ikichukua oksijeni kutoka katika maji baridi yanayolizunguka. Umbo la ganda hubaki lile lile, vyumba vyake vinahesabika na spishi yake inatambulika bila taabu, lakini kemia yake imeshachanganya joto la juu na baridi ya chini. Chini ya hadubini ya kawaida ganda la namna hiyo huonekana jeupe lisilopenyeza mwanga, na likikuzwa mara maelfu kwa hadubini ya elektroni, ukuta wake huwa na chembechembe kama za sukari mahali ambapo ulipaswa kuwa laini. Watafiti walikuwa wameyaona maganda meupe kwa miaka mingi na kuyaita yaliyohifadhiwa vizuri, kwa kuwa kwao uhifadhi mzuri ulimaanisha umbo lisiloharibika.

Jibu lilihitaji maganda ambayo hayakupitia mabadiliko hayo, na mojawapo ya mahali yalipokuwa ni pwani ya kusini mwa Tanzania. Kuanzia Kilwa hadi Lindi umetandazwa udongo mzito wa mfinyanzi, wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, uliotuama chini ya bahari kati ya mwisho wa enzi ya Kretasia na mwanzo wa Oligosini, enzi iliyofuata Eosini, ambao baadaye uliinuliwa ukawa nchi kavu bila kuwahi kufukiwa kwa kina kikubwa. Wanajiolojia huuita Kundi la Kilwa, na matabaka yake wameyapa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, hivyo kwamba vijiji na miji ya huko imeingia katika fasihi ya sayansi. Sifa yake kuu ni kwamba haupitishi maji. Ganda lililofunikwa na mfinyanzi huo lilifungiwa mbali na maji ambayo yangeliyeyusha na kuligandisha upya, na likiangaliwa leo hupenyeza mwanga kama kioo, sawa na ganda la kiumbe aliyekufa wiki iliyopita.

Foraminifera wa eneo hilo hawakuwa wageni kabisa. Katika miaka ya 1950 kampuni za mafuta zilizokuwa zikitafiti pwani ya Tanganyika zilikusanya sampuli nyingi, na wataalamu wawili, Walter Blow na Fred Banner, walizitumia zile za Lindi kupanga mfuatano wa spishi katika kazi iliyochapishwa mwaka 1962. Matumizi hayo yana mantiki ya kibiashara ambayo haijabadilika: spishi za planktoni hutokea na kutoweka kwa utaratibu unaojulikana, na kwa kuwa ni ndogo mno husalimika hata pale keekee inapousaga mwamba, hivyo mtaalamu anayechunguza vipande vinavyopanda na tope la kuchimbia anaweza kutaja umri wa mwamba uliofikiwa. Ndiyo maana mashirika ya mafuta na gesi, likiwemo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, huajiri wataalamu wa visukuku hivi vidogo.

Uhusiano huo ulizaa matunda pale mtaalamu wa Uingereza Paul Pearson, Joyce Singano wa TPDC na wenzao wa vyuo mbalimbali walipoanza kuyachunguza upya matabaka ya Kilwa na Lindi. Matokeo yao ya kwanza makubwa, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2001, yalionyesha kwamba bahari ya tropiki ya mwisho wa Kretasia na ya Eosini, kwa vipindi walivyovipima, ilikuwa na joto lisilopungua nyuzi 28 hadi 32. Fumbo likafumbuka upande ambao wengi hawakuutazamia, kwa maana programu za tabianchi hazikuwa na kosa lililodhaniwa, na vipimo vilivyorundikwa kwa miongo kadhaa ndivyo vilivyokuwa vikipima mchanganyiko wa bahari mbili. Inafaa kutua hapa, maana sayansi hupenda kusimuliwa kama ushindi wa vipimo dhidi ya nadharia, na hapa nadharia ndiyo iliyosubiri kwa subira hadi vipimo viiendee.

Baada ya hapo ukafuata mradi wa uchorongaji, ambapo mtambo uliopakiwa juu ya lori ulikwenda kijiji hadi kijiji ukitoa nguzo za udongo ambao haujaguswa na mvua wala mizizi. Kazi inayofuata uchorongaji ni ya mikono zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kipande cha udongo hukaushwa na kulowekwa hadi kilainike, kisha huoshwa kwa maji juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 0.063, mfinyanzi ukapita na kwenda zake, na kinachobaki juu ni unga mchache wa chembe za mchanga na maganda. Unga huo hukaushwa na kunyunyizwa juu ya kisahani cheusi chini ya hadubini, na mtafiti, akiwa na brashi ya unyoya mwembamba sana iliyolowa maji, huokota ganda moja moja na kulihamishia kwenye kibao chenye miraba iliyopewa namba, spishi kwa spishi. Maganda machache ya spishi moja, ambayo uzito wake wote ni sehemu ndogo ya miligramu, huyeyushwa kwa asidi, na gesi inayotoka huingizwa katika mashine inayozitenganisha atomu kwa uzito wake. Kosa la kuchanganya spishi mbili zinazofanana, moja ya juu na moja iishiyo mita 200 chini, hupotosha jibu zaidi kuliko kosa lolote la mashine.

Nguzo za udongo zilizochorongwa Stakishari, katika eneo la Kilwa, ziligeuka kuwa miongoni mwa kumbukumbu bora kabisa duniani za mwisho wa Eosini, wakati ambapo barafu ya kudumu ilianza kutanda Antaktika. Mpaka wa Eosini na Oligosini umewekwa rasmi mahali anapotoweka Hantkenina, foraminifera mwenye miba mirefu inayochomoza kwenye vyumba vyake, na mahali pa rejea pa kimataifa ni Massignano nchini Italia; lakini udongo wa Stakishari, kwa kuwa maganda yake ni mazima, unaonyesha pia mpangilio wa matukio: bahari ilibadilika kwa hatua mbili, na Hantkenina pamoja na jamaa zake wakatoweka katikati ya hatua hizo. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha makadirio ya hewa ya ukaa ya kipindi hicho kutokana na maganda hayo hayo, wakitumia isotopu za boroni, elementi ambayo huingia katika ganda kwa uwiano unaofuata uasidi wa maji, nao uasidi hufuata kiasi cha hewa ya ukaa iliyo angani. Walikuta kwamba gesi hiyo ilipungua kabla ya barafu kukua, na kwamba wakati barafu ilipokuwa ikikua kwa kasi kubwa zaidi kiwango chake kilikuwa karibu sehemu 760 katika milioni, ingawa hesabu yenyewe iliruhusu chochote kati ya 450 na 1,500. Upana wa makadirio hayo unastahili kukumbukwa kila inapotajwa namba moja peke yake.

Katika pwani hiyo hiyo umepatikana udongo wa tukio la kutisha zaidi, ongezeko la ghafla la joto lililofungua enzi ya Eosini miaka milioni 56 iliyopita, ambapo wingi wa kaboni ulimwagika angani na baharini na dunia ikaongeza nyuzi tano au sita. Katika vilindi vya bahari zote sehemu kubwa ya spishi za foraminifera wa sakafuni, kati ya theluthi na nusu, ilitoweka. Pwani ya kusini mwa Tanzania ilitoa habari nyingine: foraminifera wanaoelea hukosekana katika udongo wa kilele cha tukio hilo, na watafiti waliouchunguza wamependekeza kwamba maji ya juu yalifikia joto ambalo viumbe hao hawakuweza kulistahimili, pengine kuzidi nyuzi 40. Kwa wakati huo, basi, ushahidi wa shahidi ulikuwa kutokuwepo kwake.

Foraminifera si wa pekee katika kazi hii. Diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika, husaidia mahali ambapo kabonati huyeyuka, hasa katika bahari baridi, na kokolitofori, mwani wenye vibamba vya chokaa vidogo mno, ndio waliojenga majabali meupe ya kusini mwa Uingereza. Lakini kwa Bahari ya Hindi foraminifera mmoja, Globigerina bulloides, ana habari ambayo watu wa pwani wana sababu ya kuijali. Spishi hii kwa kawaida ni ya bahari baridi, mbali na tropiki, na kuonekana kwake kwa wingi mbele ya pwani ya Oman kunatokana na pepo za kusi: kati ya Juni na Septemba kusi huvuma sambamba na pwani hiyo kwa nguvu, huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kujaza nafasi. Kusi likiwa kali, Globigerina bulloides huongezeka matopeni, likidhoofu, hupungua. Meli ya utafiti iliyochoronga sakafu ya bahari hiyo mwaka 1987 ilitoa matope ambayo Anil Gupta na wenzake waliyatumia baadaye, katika kazi ya mwaka 2003, kuonyesha kwamba katika miaka elfu kumi iliyopita vipindi vya kusi dhaifu viliangukia nyakati za baridi katika Atlantiki ya kaskazini. Pepo zile zile ambazo majahazi yalizitegemea kurudi Uarabuni na Bara Hindi zimeandikwa, msimu baada ya msimu, katika hesabu ya maganda.

Viumbe hao wangali hai, na ushahidi wao wa leo unaweza kulinganishwa na wa jana kwa namna ambayo vipimajoto, vilivyoanza kusambaa baharini karne ya 19, haviwezi. Ganda la Globigerina bulloides wa siku hizi katika Bahari ya Kusini limeonekana kuwa jepesi kwa asilimia 30 hadi 35 kuliko maganda ya spishi hiyo yaliyo katika matope ya huko ya kabla ya enzi ya viwanda, jambo ambalo watafiti walilihusisha na bahari kufyonza hewa ya ukaa na kupoteza sehemu ya kabonati inayohitajika kujengea ganda. Makusanyo ya Challenger yenyewe, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho London, yametolewa tena kabatini: mwaka 2020 watafiti waliyapiga picha za eksirei pamoja na maganda ya Pasifiki yaliyokusanywa na meli ya Tara karibu miaka 140 baadaye, na kukuta kuta za maganda mapya ni nyembamba zaidi, katika spishi moja kwa hadi asilimia 76. Sampuli zilikuwa chache, na hazikutoka mahali pamoja kabisa, hivyo asilimia hiyo isichukuliwe kuwa ya bahari nzima. Mwelekeo wake, hata hivyo, unakubaliana na kemia inavyotabiri.

Karibu zaidi na nchi kavu, kazi hiyo haihitaji meli. Amphistegina, foraminifera wa sakafuni apatikanaye kwa wingi kwenye miamba ya matumbawe, ikiwemo ya Zanzibar, hufuga diatomu ndani ya ganda lake kama matumbawe yanavyofuga mwani, na hupauka kama yanavyopauka matumbawe mwanga unapozidi. Upaukaji huo ulianza kuonekana kwa wingi Florida mwaka 1991. Pamela Hallock na wenzake walitunga mwaka 2003 kipimo kinachotegemea uwiano wa foraminifera wa namna hiyo na wale wadogo wanaostawi penye majitaka, ambapo jibu linalozidi 4 huashiria maji yanayoruhusu matumbawe kujenga mwamba, na lililo chini ya 2 huashiria maji yasiyoruhusu. Gharama yake ni mchanga kiganja kimoja, chekeche, hadubini na mtu anayezijua spishi, na kati ya hivyo vinne kilicho adimu katika vyuo na idara za mazingira za Afrika Mashariki ni cha mwisho, maana wengi waliosomea visukuku hivyo waliandaliwa kwa ajili ya visima vya gesi.